Baiskeli ya Umeme ya Shemeji Yako

S.L.P. 63,
Karatu.
18 Machi, 2007

Mpendwa dada Eunike,

Shikamoo dada. Hujambo huko? Shemeji na watoto hawajambo? Jua la Gaborone limepungua, au bado mnakaangwa kama ulivyosema mwaka jana? Na ule mguu wako, unaukanyagia vizuri sasa au bado unachechemea mbele ya wanafunzi? Sisi huku tupo. Ukiniuliza kama tu wazima nitasema ndiyo, maana tunakula, tunalala, na hakuna anayeumwa.

Usinikasirikie kwa kutopokea simu zako. Napenda kuisikia sauti yako, lakini ukipiga sina cha kusema, vocha inakwisha huku mimi nimeshikilia simu tu. Kwenye karatasi nikinyamaza hakuna anayelipia. Kadi yako ya rambirambi ilifika, Mama mkwe ameisimamisha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya chupa za chai.

Uliniuliza jambo moja na umelisubiri muda mrefu. Ni kweli Mama anataka nirudi Machame. Chumba changu cha zamani amekipiga chokaa na kila anayekuja huku kutoka nyumbani anapewa ujumbe uleule, kwamba nije nipumzike kidogo. Wewe na mimi tunamjua Mama, kupumzika kwake hakuna tiketi ya kurudi. Ukataka kujua kama nitakwenda, na nikienda kama nitarudi kwa mume wangu Hhando. Mpaka wiki iliyopita sikuwa na jibu. Mtu angeniambia panda basi, ningepanda. Angeniambia kaa, ningekaa. Ndiyo maana sikukuandikia. Sasa nitakujibu, ila itabidi univumilie, maana jibu lenyewe limepitia kwenye baiskeli.

Nianze na hali yetu ya hapa nyumbani, kwa kuwa hukuwahi kuishi na Wambulu. Kwa mila yao, nyumba iliyofiwa na mtoto wa kwanza inakaa kwenye mwiko. Hatuingii kwenye boma la mtu. Hatuazimi kitu wala hatuazimwi, hatunywi chombo kimoja na majirani, na ng'ombe wetu ananyweshwa peke yake wenzake wakishaondoka. Wanasema ni ili msiba usihamie kwa wengine. Vijana wengi wa mjini wameachana nayo, lakini Mama mkwe anaishika, na rozari yake anaisali asubuhi na jioni vilevile. Ametuambia mwiko utaondolewa na wazee baada ya mavuno.

Mimi Mchaga nilijisahau siku za mwanzo. Chumvi iliniishia, nikachukua kikombe nikaenda kwa jirani yetu Antonia kama nilivyozoea. Alikuja mbio kunizuia njiani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na huku anasema, "Rudi tu mama, rudi, nitakuletea." Kisha akaniwekea chumvi kwenye jiwe la mpakani, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka nilipoichukua. Mama akisikia habari hii atasema wamenidhalilisha, kwa hiyo usimsimulie. Mimi sikukasirika. Nilirudi nikaunga maharage.

Tena nikwambie kweli, mwiko ulinifaa. Nyumbani Machame nyumba ingejaa watu mpaka migombani, kila mmoja ananishika mkono na kuniambia Mungu amempenda zaidi. Huku hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikaa nikaangalia ukuta, na ukuta hauna maneno. Kulia sikulia, dada. Hata makaburini sikulia, shangazi wote waliona, nadhani wameshakupigia simu kukuambia. Si kwamba nilijizuia. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi, anauona ni wa kwake lakini haumsikii.

Basi shemeji yako naye akawa wa nyumbani. Unajua kazi yake ni umeme wa magari, pale gereji ya Elirehema mjini, wanahudumia magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro. Wenzake wengi pale ni Wambulu na spana zao ni za kushirikiana, kwa hiyo akaacha kwenda ili asiwape shida. Alikaa mlangoni na mikono yake magotini. Mwanaume ambaye hajui kukaa akikaa, nyumba nzima inamwona. Nilikuwa nafagia kumzunguka.

Aliyekuja kutuokoa, au kutuongezea takataka, ni Elirehema mwenyewe. Yule ni wa kwetu, wa Masama, tumbo unalikumbuka, ndiye aliyecheza peke yake kwenye harusi yangu mpaka bendi ikachoka. Alifika na pikapu akaingia moja kwa moja mpaka jikoni, akachukua kikombe changu, akanywa chai. Mama mkwe akamwambia amekosea. Akajibu, "Mama, mimi mila zenu hazinijui. Zikinikuta barabarani hazitanisalimia." Mama mkwe aligeuka ukutani. Nadhani alicheka.

Kwenye pikapu alikuwa na baiskeli. Kuna mzungu mmoja alikuwa anaizunguka Afrika nayo, ikamvunjikia hapa Karatu akaiacha kwenye kambi ya watalii. Ni ile ya resi, fremu ya chuma chepesi, mpini umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kiasi kwamba ukiyaangalia unayahurumia kwa barabara yetu. Elirehema alimletea Hhando aitengeneze ili apate cha kushika. Hhando akaizunguka, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha. Akauliza, "Ile mota ya winchi bado unayo?"

Ile mota ilitoka kwenye gari la watalii lililozama mtoni Engaresero. Winchi ni ile mashine ya mbele inayovuta gari likinasa kwenye matope, ina kamba ya waya na mota ya umeme kubwa kama kopo la maziwa ya unga. Elirehema alifikiri anatania. Kesho yake akaileta, pamoja na betri mbili kavu na mnyororo wa pikipiki.

Dada, sebule yangu imekufa. Cherehani yangu iliwekwa chini ya meza na mota ikapanda juu ya meza. Kulikuwa na grisi kwenye vitambaa vya makochi, nyaya nyekundu zinaning'inia kwenye picha ya harusi, na nilipofagia nilikusanya nati. Zamani ningepiga kelele mpaka Antonia angesikia. Sasa nilikuwa naruka tu nyaya na sufuria yangu mkononi.

Kwanza alipasua uma wa mbele na wa nyuma akaupanua ili yaingie matairi mapana, maana yale membamba yangeishia kwenye shimo la kwanza. Elirehema akaja na mashine ya kuchomelea na jenereta. Kisha mota ikafungwa chini, karibu na pedeli, mnyororo wa pikipiki ukaenda gurudumu la nyuma, betri zikakaa kwenye keria. Mara ya kwanza alipoijaribu uani hakukuwa na mwendo wa katikati. Ama imezimika, ama imeruka. Aligusa swichi, baiskeli ikatoka bila yeye, naye akabaki amekaa kwenye maboga na miguu juu. Kuku hawakutaga siku hiyo. Elirehema alicheka mpaka akaketi chini akashika tumbo. Mimi nilisimama mlangoni, nikaona kwamba ni jambo la kuchekesha, nikarudi kuangalia wali.

Akairekebisha. Akaweka wenzo mdogo kwenye mpini, ukiuvuta kidogo inatumia betri moja na inaondoka taratibu, ukiuvuta wote betri ya pili inaingia na hapo hata mlima inaukwea. Haina kelele ya pikipiki. Inalia kidogo tu, mlio mwembamba, halafu unasikia changarawe.

Mjini Elirehema akatangaza kwamba Hhando anaunda baiskeli ya umeme ya kuwanyoosha wale vijana wanaoshindana Jumapili kwenye lami mpya ya Rhotia. Watu wakaanza kuulizana atakimbia lini. Mimi pia niliamini hivyo, na nikamdharau. Niliona mtoto yuko chini ya udongo, na baba yake anatengeneza mchezo. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria Machame kwa makini. Jioni moja Elirehema akamwuliza, "Sasa bwana, unashindana na nani hasa?" Hhando akasema, "Nipe spana ya kumi na tatu."

Lazima sasa nikueleze siku yenyewe. Nilikuambia kwenye simu homa, nikakata. Ni kweli ilikuwa homa. Ilianza jana yake, tukampa dawa, ikashuka. Asubuhi ikapanda tena na degedege juu yake. Ilikuwa Desemba, unazikumbuka zile mvua, zilinyesha nchi nzima. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yalikuwa yamenasa kwenye mlima wetu huu wa kwenda mjini, moja limekaa kimshazari na mengine nyuma yake, hakuna gari lililopanda wala kushuka. Hhando akamfunga mtoto kifuani kwa kanga yangu, akachukua ile baiskeli yake ya zamani, ya foniksi, akapita pembeni mwa malori. Mimi nilifuata kwa miguu, nilianguka njiani sikumbuki mara ngapi.

Nilipofika hospitalini alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Viatu vyake vilijaa matope. Kanga ilikuwa mapajani mwake na alikuwa ameikunja vizuri, kona kwa kona. Hatujawahi kuulizana tangu siku ile. Lakini ndani yangu, dada, nilikuwa na neno moja. Nilisema angekanyaga kwa nguvu zaidi. Kila nilipoiona miguu yake chini ya meza nilisema hivyo. Mama alitaka nirudi kwa sababu ananionea huruma, mimi nilitaka kurudi kwa sababu ya miguu ya mume wangu.

Mwezi huu mwanzoni niliona anatoka asubuhi mapema, kabla watu hawajaingia barabarani, na anarudi wakati nawasha moto. Mama mkwe hakupenda, mtu wa mwiko hatembei ovyo. Nikajua anafanya mazoezi ya mashindano yake. Siku moja kitenge changu hakikuwepo kwenye kamba. Nikatoka nje nikamkuta amesimama na baiskeli, na kifuani amejifunga mfuko wa mahindi kwa kitenge changu, fundo limepita begani, mfuko umekaa upande wa kushoto.

Nikamwuliza, "Nini hicho?"

Akasema, "Mahindi."

"Ya nini?"

"Ya uzito."

Akapanda akaondoka. Nilibaki pale uani. Ile kadi ya kliniki ya mtoto naijua kwa kichwa, na nilijua bila kupima mfuko ule ulikuwa na kilo ngapi.

Kumbe alikuwa anakwenda hospitalini. Kila asubuhi, kwa njia ileile, mpaka getini, kisha anageuza. Mara moja mota iliungua brashi, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme, kilimani akaisukuma mpaka nyumbani, akazibadilisha, kesho yake akaenda tena. Sikumwambia Mama mkwe. Sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Jumamosi iliyopita nilimfuata akiwa anafunga mfuko. Nikaufungua, nikaumwaga ghalani. Nikamwambia leo nitakaa mimi. Alisema mimi ni mzito, mota itaungua. Nikasema iungue. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na rozari yake, nikajua sasa tutaambiwa. Alituangalia tu, akasema, "Piteni njia ya chini, msipite kwa watu."

Nilikaa kwenye bomba la mbele, upande upande kama wasichana wanavyobebwa kwenda sokoni, mikono yake kushoto na kulia kwangu. Haijakatazwa mke kubebwa na mumewe lakini hatukuwahi kubebana hivi hata tukiwa wachumba. Tulipita darajani. Tukaanza mlima. Akavuta wenzo wote na nilisikia baiskeli inajikusanya na kupanda, na yeye anakanyaga pia, anahema shingoni mwangu. Ni mwendo mkali, dada, sikutegemea. Upepo ulinitoa machozi, nikajua ni upepo. Katikati ya mlima nikasikia harufu ya kuungua. Hakupunguza. Tulitokea juu, tukaingia mjini, watu wa kwanza walikuwa wanafungua maduka na walituangalia tunavyopita bila mlio.

Mlinzi wa getini alipotuona tunakuja kwa kasi ile alifungua geti lote. Akakimbia akasukuma kiti cha magurudumu kuja kwetu. "Mgonjwa yuko wapi?"

Hhando alikuwa ameweka mguu mmoja chini na ameshika mpini. Mlinzi akauliza tena. Nikashuka.

"Hakuna mgonjwa, kaka," nikamwambia. "Tumechelewa."

Alituangalia wote wawili. Nadhani alimtambua Hhando. Alirudisha kiti mahali pake, akatuacha, na geti hakulifunga.

Hhando ndiye aliyeanza kusema, na alisema akiwa anaiangalia mota, moshi bado unatoka. "Winnie aliniachia shati pale darajani," akasema. Hilo jina hakuwahi kulitamka tangu Desemba. "Alikuwa amenishika shati. Pale darajani nikasikia vidole vimeachia. Nikajiambia amelala. Nikapanda mlima wote namwambia avumilie, tumekaribia, avumilie."

Nikasogea karibu naye.

"Nilitaka kujua kama ningekuwa na chombo cha kasi tungefika wapi kabla hajaachia," akasema. "Nimejaribu kila namna. Kwa betri zote mbili. Hata hivi tusingefika, Esta. Tungekuwa kwenye malori."

Dada, mimi nilikuwa nikisema angekanyaga kwa nguvu zaidi, na yeye aliupanda mlima ule akiwa na mtoto aliyekwisha kufa kifuani, anambembeleza. Nilimshika mkono pale getini mbele ya watu. Nilitaka kumwambia nilivyokuwa namlaumu, nikaona anajua. Kilichonijia badala ya maneno ni njaa. Njaa ya kweli, tumbo likanikata. Tangu msiba nilikuwa nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu.

Nikamwambia, twende tukale. Akasema mwiko. Nikasema mwiko utatusubiri nje. Tuliingia kwa mama mmoja anayeuza chai nyuma ya stendi, tukala chapati na maharage, nikaagiza tena. Kama alijua habari zetu hakuonyesha, ila vikombe vyetu alivisuuza mwenyewe kwa maji ya moto, akatuongezea maziwa bila kuombwa. Kisha tuliisukuma baiskeli mpaka nyumbani, maana ilikuwa haina betri wala brashi. Hhando alilia tangu kilele cha mlima hadi darajani. Mimi bado sikulia. Nilishika mpini upande wangu isituangukie.

Basi jibu lako ndilo hilo. Siendi Machame kupumzika. Mwiko ukiondolewa baada ya mavuno tutakuja wote wawili kumsalimia Mama, tutalala kwenye hicho chumba chenye chokaa, na tutarudi wote wawili. Mweleze wewe kwa simu, wewe anakusikiliza. Usimwambie nimepona, sijapona, asubuhi nyingine bado naamka na sisikii kitu mpaka mchana. Mwambie tu kwamba nina mume.

Baiskeli amepewa Elirehema. Hhando hakuitaka tena uani. Elirehema anasema Jumatatu ya Pasaka atawanyoosha vijana wa Rhotia, na tumbo lake lile sijui atalifunga wapi. Sebule imerudi, na cherehani nimeipaka mafuta. Antonia ameniwekea gauni lake kwenye jiwe, lina mpasuko pembeni. Nitalishona na kulirudisha palepale.

Nisalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kila mmoja. Mama mkwe anakusalimu, anasema Mungu akuongezee miaka na akuponyeshe huo mguu. Elirehema anakusalimu na anauliza kama Botswana kuna ndizi. Hhando anakusalimu, amesoma mpaka hapa akiwa amesimama nyuma yangu, hakunikataza chochote. Mungu awafunike wote chini ya mkono wake.

Nina ombi moja. Utakaponijibu, usiandike "mtoto" wala "marehemu" kama kwenye ile kadi. Huku kila mtu anatuonea huruma na kwa huruma hiyo hakuna anayemtaja. Andika Winnie. Andika popote unapotaka kwenye barua, hata kama ni kusema tu kwamba ulimshonea gauni la njano na lilimpwaya. Nataka nilisome jina lake kwa mwandiko wa mtu mwingine, nijue kwamba alikuwepo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu,

Esta